Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Kisa cha Alumini Ndani ya Katodi ya Manganizi

Kisa hiki kilitokea katika chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Nimeondoa jina la chuo, mwaka, na kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Mwanafunzi nitamwita Zawadi, ingawa si jina lake. Mimi nilikuwa msimamizi wake wa pili, kwa hiyo makosa mtakayoyasoma hapa yalipita mbele ya macho yangu, tena zaidi ya mara moja.

## Usuli

Katodi ni ule upande wa betri ya lithiamu-ioni unaoitunza lithiamu pale chaji inapokuwa imeisha. Ukichaji simu, ioni za lithiamu hutoka katodini, hupita kwenye elektroliti, kimiminika kilicho katikati, na kwenda kujipanga ndani ya grafiti ya anodi, yaani upande wa pili; elektroni nazo huzunguka kwa njia ya nje. Ukiitumia simu, safari inageuka. Betri ya kwanza ya aina hii kuingia sokoni, ile ya Sony ya mwaka 1991, ilitumia oksidi ya lithiamu na kobalti, LiCoO2, katodi iliyotoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Oxford mwaka 1980. Kobalti ni ghali, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo. Wasomaji wa Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo, wanajua gharama zake nyingine ambazo haziandikwi kwenye bei.

Ndiyo maana manganizi imetupiwa jicho tangu zamani. LiMn2O4, yenye muundo wa fuwele uitwao spineli, ilifanyiwa kazi Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Michael Thackeray, mwanasayansi kutoka Afrika Kusini aliyekwenda kwa Goodenough. Manganizi ni rahisi kuipata, na katodi yake inatoa karibu volti 4. Ugonjwa wake nao unajulikana. Nusu ya manganizi humo ina chaji ya 3+ na nusu 4+. Ile ya 3+ ina elektroni moja ya ziada iliyokaa mahali inaposukumana na oksijeni, kwa hiyo nyumba yake ya oksijeni sita haibaki sawa: vifungo viwili vinarefuka, vinne vinafupika. Wanakemia huita jambo hili mkunjo wa Jahn na Teller. Tena, kwenye uso wa chembe, manganizi mbili za 3+ (huandikwa Mn3+) zinaweza kupeana elektroni, moja ikawa Mn4+ na nyingine Mn2+, na hiyo ya 2+ huyeyuka na kuingia kwenye elektroliti, hasa kukiwa na joto na asidi kidogo. Chaji moja hadi nyingine, betri inadhoofika.

Dawa iliyozoeleka ni kudopu: unaondoa atomi chache za manganizi na kuweka atomi mgeni ambayo haibadilishi chaji yake, kama alumini au magnesiamu, ili Mn3+ zipungue na fuwele ikaze. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Zawadi alitaka kuijaribu methali hiyo kwa kompyuta: kati ya alumini na magnesiamu, mgeni yupi anamponya mwenyeji zaidi, na kwa gharama gani?

Njia yake ilikuwa DFT, yaani kukokotoa nishati ya fuwele kutokana na msongamano wa elektroni, mbinu iliyojengwa na Hohenberg, Kohn na Sham mwaka 1964 na 1965. Programu ilikuwa Quantum ESPRESSO, ambayo ni ya bure na ndiyo iliyofundishwa kwenye shule za ASESMA, zinazofundisha hesabu za namna hii barani Afrika, ikiwamo ile ya Eldoret ya mwaka 2012. Wengi wetu ukanda huu tuliingia kwenye fani kwa mlango huo.

## Hesabu ya vidole kabla ya kompyuta

Nianze na kilichofanyika vizuri, maana ndicho kilichookoa tasnifu baadaye.

Kabla ya kuwasha kompyuta, Zawadi alihesabu chaji kwenye karatasi. Seli moja ya fuwele ya spineli, yaani kile kipande kinachojirudia kuijenga fuwele nzima, ina atomi 56: lithiamu 8, manganizi 16, oksijeni 32. Oksijeni zinadai chaji 64. Lithiamu zinalipa 8, manganizi 16 zinalipa 56 zilizobaki: nane kwa 3+, nane kwa 4+. Weka alumini moja, inayolipa 3, manganizi 15 zilizobaki zinatakiwa kulipa 53. Hapo utapata saba za 3+ na nane za 4+. Weka magnesiamu badala yake, inayolipa 2 tu, na manganizi 15 zinalipa 54: sita za 3+, tisa za 4+. Kwa hiyo magnesiamu moja inaondoa Mn3+ mbili, alumini moja inaondoa moja.

Lakini elektroni inayotumika betri inapochajiwa inatoka kwenye hizo hizo Mn3+. Ukizipunguza, unapunguza na akiba. LiMn2O4 tupu, ikitoa lithiamu zote, inaweza kuhifadhi mAh 148 kwa gramu. Ukiwa na alumini moja katika seli, lithiamu 7 kati ya 8 ndizo zenye elektroni ya kuambatana nayo, na akiba inashuka hadi 132. Kwa magnesiamu ni 6 kati ya 8: 114. Mgeni huyu analala kitandani na anakula.

Karatasi hiyo niliiona, nikaisifu, nikaisahau. Zawadi aliibandika ukutani juu ya meza yake.

## Kilichotokea

Hesabu zilianza kwenye seva ya idara, nazo zilikuwa zikikatishwa na umeme kila wiki, kisha zikahamia kwenye kompyuta kubwa nje ya chuo tulikopewa saa chache kila mwezi. Nalitaja kwa sababu liliathiri maamuzi: kila ukokotoaji wa atomi 56 wenye usumaku ulikuwa unakula saa nyingi, na hakuna aliyetaka kurudia kitu kilichokwisha kukamilika.

Zawadi alikokotoa spineli tupu kwanza. Ilikwisha upesi kuliko tulivyotarajia. Kisha akatoa manganizi moja, akaweka alumini, akaacha atomi zijipange. Hiyo ilichukua siku kadhaa. Akafanya hivyo hivyo kwa magnesiamu. Siku moja asubuhi akaja ofisini na daftari.

“Mwalimu, alumini imeshinda. Kila alumini moja inaipa fuwele zaidi ya eV 4. Na pia spineli tupu ni metali, lakini ukiweka alumini pengo la nishati linafunguka.”

Alimaanisha kwamba nishati ya fuwele inashuka kwa zaidi ya eV 4 (eV ni kipimo cha nishati cha kiwango cha atomi), na kwamba linatokea pengo la nishati, yaani ngazi ambayo elektroni lazima ziiruke ndipo zipitishe umeme, kitu ambacho metali haina. Nilifurahi. Nilimwambia aanze kuandika sura ya matokeo. Hilo ni kosa la kwanza, na ni langu.

Rasimu ikapelekwa kwa mwenzetu mmoja mtu mzima wa maabara ya kemia, ambaye hutengeneza unga wa spineli kwa tanuri na hana subira na watu wa kompyuta. Akaisoma nusu ukurasa, akamwita Zawadi.

“Mwanangu, wewe unadopu kwa alumini ya sufuria?”

Zawadi hakuelewa. Mzee akamweleza kwamba yeye huanza na nitreti ya alumini, au oksidi yake, pamoja na kabonati ya lithiamu na oksidi ya manganizi, kisha anachoma hewani kwenye nyuzi 700 na kitu hadi 800. Hakuna mahali anaposhika alumini tupu. Lakini kwenye hesabu ya Zawadi, nishati ya mgeni kabla ya kuingia ilikuwa imechukuliwa kutoka alumini tupu ya metali, na manganizi inayotoka ilikuwa inarudishwa kuwa metali tupu. Ndivyo mfano wa mafunzo tuliokuwa tumempa ulivyofanya.

Wanaounga reli kwa unga wa thamiti wanajua maana yake. Alumini tupu ikipata oksijeni ya metali nyingine huinyang’anya kwa moto mkali. Majedwali ya kemia yanasema joto la uundaji wa oksidi ya alumini, Al2O3, ni −1676 kJ kwa moli na la oksidi ya manganizi, Mn2O3, ni −959. Gawa kwa mbili kupata la kila atomi ya metali, toa moja kwa nyingine: tofauti ni kama kJ 358, sawa na eV 3.7 kwa atomi. Yaani katika zile eV 4 na ushei za Zawadi, 3.7 hazikuhusu spineli hata kidogo. Ungezipata kwa kuiingiza alumini ndani ya karibu oksidi yoyote ya Mn3+. Tulikuwa tumepima jinsi alumini inavyopenda oksijeni, jambo ambalo halihitaji kompyuta kubwa.

Zawadi akarudia kwa oksidi: seli tupu pamoja na nusu ya Al2O3, zigeuke kuwa seli yenye mgeni na nusu ya Mn2O3. Ushindi ukasinyaa, lakini haukuisha. Na lile pengo la nishati lilikuwa bado palepale.

## Orodha ya namba kumi na sita

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Tulikaa wiki mbili tukidhani tumemaliza. Kilichomsumbua Zawadi ni sentensi yake mwenyewe: “spineli tupu ni metali.” Aliisoma tena akiwa na makala za maabara mkononi, na kila moja ilisema kwamba LiMn2O4 hupitisha umeme vibaya, kwa elektroni kuruka kutoka Mn3+ hadi Mn4+ ya jirani kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hiyo si metali. Kama kompyuta ilikuwa inasema mwenyeji ni kitu ambacho sicho, basi mgeni alikuwa analinganishwa na nani?

Akafungua faili la matokeo la spineli tupu, akashuka hadi mwisho, mahali programu inapoorodhesha usumaku wa kila atomi. Mn3+ hutakiwa kuwa na usumaku wa karibu 4, Mn4+ karibu 3, kwa kuwa ndiyo idadi ya elektroni zao zisizo na wenza. Orodha ilikuwa na namba kumi na sita za manganizi, na zote zilikuwa zinafanana, katikati ya 3 na 4. Hakukuwa na Mn3+ wala Mn4+. Kulikuwa na manganizi kumi na sita za 3.5+, kila moja imegawiwa nusu elektroni.

Akafungua faili la yenye alumini. Saba karibu na 4, nane karibu na 3. Sawasawa na karatasi ya ukutani.

Mara tukaelewa kwa nini spineli tupu ilikwisha upesi. Faili la kuingizia lilianza na mchemraba kamili, manganizi zote zikiwa aina moja, mahali pamoja kisimetria, na usumaku mmoja wa kuanzia. Programu huheshimu simetria uliyoipa. Ukiipa manganizi kumi na sita zisizoweza kutofautishwa, haina ruhusa ya kumpa mmoja elektroni na kumnyima mwingine, wala ya kurefusha vifungo vya huyu na kuviacha vya yule. Mkunjo wa Jahn na Teller, ambao ndio ugonjwa wote tuliotaka kuutibu, ulikuwa umezuiwa kutokea. Alumini ilipoingia, simetria ilivunjika. Manganizi zilizo karibu nayo zikawa tofauti na zilizo mbali, mlango ukafunguka, elektroni zikatulia mahali pao na nishati ikashuka. Nafuu hiyo yote tukaiandika kwa jina la alumini.

Mwenyeji hakuwa ameponywa na mgeni. Tulikuwa tumemfunga kamba, mgeni akaingia kwa bahati akaikata.

## Maamuzi, na kwa nini

Zilikuwa zimebaki wiki saba kabla ya kuwasilisha. Njia ya mkato ilikuwapo: kuacha namba kama zilivyo na kuongeza aya moja kwenye sura ya mapungufu. Nakiri niliitamani. Msimamizi wa kwanza alikataa, kwa hoja moja ambayo sikuweza kuijibu: pungufu huandikwa pale usipojua ukubwa wa kosa, na sisi tulikuwa tunajua kwamba kosa ni kubwa kuliko jibu.

Kwa hiyo mwenyeji alirudiwa. Zawadi aliandika manganizi kama aina mbili kwenye faili, nane na nane, kila aina na usumaku wake wa kuanzia, akazisogeza atomi kidogo kutoka mahali pao kamili, akaizima simetria. Seli ikajikunja yenyewe na pengo la nishati likafunguka bila mgeni yeyote.

Tatizo likawa: nane zipi? Kuchagua nane katika kumi na sita kuna njia 12,870. Simetria inazipunguza sana, lakini bado hazilipiki kwa saa tulizokuwa nazo. Alichagua mipangilio michache ambayo Mn3+ zimetawanyika na michache ambayo zimepangana kwa safu, akachukua yenye nishati ya chini kabisa kuwa mwenyeji. Hatukudai kuwa ndiyo ya chini kuliko zote. Kisha alumini ikawekwa mahali pa Mn3+ ndani ya mwenyeji huyo huyo aliyejikunja, si ndani ya mchemraba mkamilifu, ili mgeni na mwenyeji walinganishwe nyumba ileile.

Maamuzi mengine mawili yalipita haraka. Marekebisho ya U kwa elektroni za d za manganizi yalibaki 3.9 eV, thamani inayotumiwa na hifadhidata ya Materials Project; bila U, DFT ya kawaida huzitandaza elektroni hizo kupita kiasi na volteji inatoka chini. Na usumaku wote ulielekezwa upande mmoja, ingawa katika spineli halisi kwenye baridi kali hauko hivyo, kwa kuwa tofauti ya nishati inayotokana na hilo ni ndogo ukilinganisha na ile ya kupanga chaji.

Magnesiamu ilitugomea kidogo. Ili MgO iingie na manganizi itoke kama Mn2O3, mlinganyo unahitaji robo molekuli ya oksijeni kutoka hewani, na DFT inajulikana kwa kukosea nishati ya molekuli ya O2. Zawadi alitumia sahihisho linalotokana na vipimo vya oksidi, na akaitenga namba ya magnesiamu kwenye jedwali lake la peke yake.

## Matokeo

Baada ya marekebisho yote, ile eV 4 na ushei ilibaki kitu kidogo, cha kiwango kilekile na mashaka ya hesabu yenyewe. Alumini inaingia kwenye spineli bila shida na bila sherehe, jambo ambalo mzee wa tanuri alikuwa analijua miaka yote. Pengo la nishati halikuwa zawadi yake. Kilichobaki imara ni cha umbo: vifungo vya alumini na oksijeni ni vifupi na havikunjiki, seli inapungua, na Mn3+ zinazoshiriki oksijeni na alumini zinakunjika kwa namna tofauti na zilizo mbali.

Kichwa cha tasnifu kilibadilishwa. Badala ya kusema alumini inaboresha katodi, kikauliza gharama ya kila Mn3+ inayoondolewa. Karatasi ya ukutani ikawa jedwali la kwanza la sura ya matokeo: 148, 132, 114.

## Uchambuzi

Kwenye tafiti za kudopu, macho yote humwendea mgeni. Yeye ndiye anayebadilishwa, yeye ndiye anayechorwa kwa rangi tofauti kwenye picha, yeye ndiye yumo kwenye kichwa cha habari. Mwenyeji hukokotolewa mara moja, siku ya kwanza, na mtu ambaye bado anajifunza programu, kisha huwa kipimo cha kila kitu. Nimepitia rasimu nyingine tangu wakati huo na sasa naanza na ukurasa wa mwisho wa faili la mwenyeji. Inachukua dakika tano.

Kwa nini mimi sikuona? Kwa sababu jibu lilikuwa na ishara niliyoitarajia. Zawadi angekuja na alumini inayodhuru fuwele, ningemrudisha siku hiyohiyo akaangalie usumaku. Alikuja na habari njema, nikampa ruhusa ya kuandika.

Kilichofanya kazi ni vitu viwili vya bei ndogo: hesabu ya chaji kwa mkono, iliyotupa 7 na 8 za kulinganisha na faili, na mtu wa maabara aliyesoma rasimu mapema. Kompyuta haikutuonya popote. Hesabu zote mbaya zilifika mwisho salama, bila kosa hata moja kwenye skrini.

Kuna kosa la tatu la hesabu, baada ya lile la metali tupu na lile la simetria, ambalo halikurekebishwa kikamilifu. Zawadi alikokotoa volteji ya wastani kutoka lithiamu zote 8 hadi sifuri, na alumini ikaonekana kuipandisha. Lakini baada ya lithiamu ya saba Mn3+ zimekwisha. Elektroni ya nane lazima itoke kwenye oksijeni, kwa volteji ambayo elektroliti ya kawaida haiivumilii. Kwamba oksijeni hushiriki si jambo geni: kundi la MIT lilionyesha mwaka 1998, kwa hesabu na kwa maabara, kwamba kuweka alumini ndani ya LiCoO2 hupandisha volteji kwa sababu hiyo. Ila kuichanganya lithiamu ya nane kwenye wastani na kuita hilo uboreshaji ni kuuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukitumia. Kwenye toleo la mwisho wastani uliishia kwenye lithiamu ya saba, lakini mchoro mmoja wa zamani ulisahaulika kwenye kiambatisho.

Na ile U ya 3.9 ina doa pia. Ilipatikana kwa programu nyingine inayogawa elektroni kwa atomi kwa njia yake. Kuihamishia Quantum ESPRESSO bila kuipima upya ni kuazima viatu vya mtu wa miguu mingine.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje hakugusa lolote kati ya hayo. Aliangalia seli yenye alumini mbili, ambayo Zawadi aliiweka mwishoni kwa mfano mmoja tu, akauliza:

“Katika nafasi 16, mbili zinaweza kuwekwa kwa njia 120. Wewe umechagua moja. Hizi alumini zinapenda kukaa jirani, au zinakimbiana?”

“Bado sijui, Profesa,” Zawadi akajibu. “Mwenyeji nimempata mwezi uliopita.”